Shilingi Zetu na Kitabu cha Jambazi



Leo nataka tuzungumze juu ya fedha unayoitoa mfukoni kununua kitabu, na juu ya mkono unaoipokea upande wa pili. Nianze na mtu ambaye pengine unamjua. Kama humjui yeye, basi kitabu chake umekiona, kimelazwa juu ya turubai kando ya barabara za Nairobi, pale wanunuzi wanapoinama kuchagua, jalada limepauka kwa jua na kurasa zimekunjika pembe.

Mwanzoni mwa mwaka 1971 mahakama nchini Kenya ilimhukumu kijana wa miaka 20, John Kiriamiti, mtoto wa walimu kutoka Murang'a, kifungo cha miaka 20 na viboko 48 kwa unyang'anyi. Kifungo alikitumikia Naivasha, katika gereza la wafungwa wa makosa makubwa. Akatoka mwaka 1984, sehemu ya adhabu ikiwa imepunguzwa, na mwaka huo huo kikatoka kitabu alichokiandika akiwa ndani, My Life in Crime. Humo anajiita Jack Zollo, na anatusimulia alivyoteleza kutoka shuleni hadi wizi wa mifukoni na wa kwenye magari, mpaka akafika mlangoni pa benki na bastola mkononi. Ni miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana katika historia ya Kenya. Vijana walikipokezana shuleni mpaka karatasi zikaachana. Nimekutana na watu wazima wengi wanaoniambia kwamba ndicho kitabu cha kwanza cha Kiingereza walichokisoma chote bila kulazimishwa na mwalimu.

Sasa, msikilizaji, je, inafaa mimi na wewe kumlipa mtu kwa kutusimulia jinsi alivyowanyang'anya wenzake?

Wako wanaojibu hapana, na naomba tuwasikilize vizuri kabla ya kuwapita, kwa sababu mara nyingi hatuwasikilizi. Mtu huyu aliiba mara moja kwa bastola, wanasema, na sasa anachuma mara ya pili kwa kalamu, kutoka katika tukio lile lile. Yule aliyelala kifudifudi kwenye sakafu ya benki, mtutu ukiwa kisogoni, hakulipwa kitu. Pengine hakulala vizuri kwa miaka. Pengine aliacha kazi. Siku moja anawasha redio na kusikia mwandishi anahojiwa, watangazaji wanamchekea, wanamwita shujaa aliyegeuka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nakubaliana na watu hawa kwa jambo moja zito: uchungu wao ni wa kweli, na hakuna mauzo wala tuzo inayouondoa.

Hata hivyo, tukiufuata uchungu huo mpaka mwisho wake, unatufikisha mahali ambapo hata wao wasingependa kufika.

Mfano wa Marekani utatusaidia hapa, kwa kuwa wao walijaribu kulitatua swali hili kwa sheria. Kati ya 1976 na 1977 mtu mmoja jijini New York, David Berkowitz, alipiga watu risasi usiku, wengi wao vijana waliokuwa wameketi ndani ya magari. Aliua 6 na kujeruhi 7. Alikuwa akijiita Mwana wa Sam. Alipokamatwa Agosti 1977 kukawa na hofu kwamba wachapishaji wangemwaga fedha nyingi kupata simulizi yake, na bunge la jimbo likapitisha sheria upesi: fedha yoyote ambayo mhalifu angelipwa kwa kusimulia uhalifu wake ikabidhiwe bodi ya waathiriwa, iwekwe miaka 5, ili walioumizwa wapate kuidai. Ukiisikia mara ya kwanza, sheria hiyo inaonekana ya haki kabisa. Majimbo mengi yakaiga.

Kisha akaja Henry Hill. Huyu alikuwa mtu wa magenge ya mafia ya New York, akawageuka wenzake na kuwa shahidi wa serikali, akamsimulia mwandishi Nicholas Pileggi maisha yake. Kitabu, Wiseguy, kikatoka, na baadaye kikazaa filamu ya Goodfellas. Bodi ikadai fedha zote, zikiwamo dola zaidi ya 96,000 ambazo Hill alikuwa amekwisha kulipwa. Mchapishaji akaenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria ile bila jaji hata mmoja kupinga. Majaji hawakusema kwamba waathiriwa hawana haki. Walikubali kwamba jimbo lina sababu nzito ya kuhakikisha wanalipwa. Walichosema ni kwamba sheria ilikuwa wavu wenye matundu madogo mno: ungemnasa Malcolm X kwa kitabu cha maisha yake, ungemnasa mwandishi Thoreau aliyekataa kulipa kodi, ungemnasa hata Mtakatifu Augustino, ambaye aliandika jinsi alivyoiba mapeasi ujanani.

Nikaujaribu wavu huo kwenye maji yetu wenyewe. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika karatasi ya siasa yenye kichwa Kenya: Twendapi? Mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani kwa uchochezi, akafungwa miaka 3, muda mwingi akiwa peke yake chumbani. Humo ndani, kwa siri, kwenye karatasi za chooni, akatunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, katika nchi ile ile na chini ya rais yule yule. Leo ni vigumu kusoma ushairi wa Kiswahili wa karne iliyopita bila kuipitia. Kwa daftari la mahakama, Abdilatif alikuwa mfungwa aliyetiwa hatiani kihalali. Anayesema hanunui kitabu cha mtu yeyote aliyefungwa, basi na hiki akirudishe rafuni.

Au tumtazame Benjamin Garth Bundeh. Yeye alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji, akakaa Kamiti akisubiri kitanzi, hadi mahakama ya rufaa ilipomwachilia huru. Birds of Kamiti, kitabu chake cha mwaka 1991, kinatupitisha katika vyumba vya waliokuwa wakisubiri kufa. Kama tungeapa kutowasikiliza waliohukumiwa, tungejuaje kwamba hukumu nyingine hukosea? Askari jela haandiki. Hakimu haandiki. Anayejua harufu ya chumba kile saa tisa za usiku ni yule aliyelala ndani yake.

Kwa hiyo mlango hatuwezi kuufunga kwa kila aliyepitia jela. Hapo ndipo wenzangu wengi wanaopenda vitabu huishia, wakatangaza uhuru wa kuandika na kwenda zao. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu Abdilatif hakumwekea mtu bastola kisogoni. Tukimtumia yeye kumtetea kila mwenye kitabu, tunamdhulumu yeye na tunawadhulumu walioibiwa. Mfungwa wa maneno yake na mfungwa wa damu ya mwenzake wamekaa gereza moja, ila swali letu linamhusu huyu wa pili.

Na juu ya huyu wa pili, hofu yangu kubwa hata si fedha. Fedha yenyewe, tuseme kweli, huwa kidogo. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya bei. Kitabu cha shilingi 600 kinampa shilingi 60. Ukinunua nakala iliyotumika pale barabarani, hapati hata senti. Ukinunua nakala bandia, zile zilizochapishwa kwa wizi na zimejaa mijini mwetu, basi hapati yeye, hapati mchapishaji, na kama kuna mwathiriwa ambaye angeweza kudai kitu, naye hapati. Wako wanaodhani kwamba kununua nakala bandia ya kitabu cha jambazi ni kumkomoa jambazi. La hasha. Ni kumlisha mwizi mwingine ambaye hata hajafikishwa mahakamani.

Hofu yangu kubwa ni upofu wetu sisi wasomaji. Hapa sina budi kuwasimulia kisa cha Jack Henry Abbott.

Abbott alikuwa mfungwa wa Marekani aliyekaa ndani sehemu kubwa ya maisha yake, na akiwa gerezani aliua mfungwa mwenzake. Aliandikiana barua na mwandishi mashuhuri Norman Mailer, ambaye wakati huo alikuwa akiandika juu ya mfungwa mwingine, huyo akiwa amehukumiwa kifo. Barua zile zilikuwa na nguvu ya ajabu. Zikakusanywa kuwa kitabu, In the Belly of the Beast, kikatoka mwaka 1981. Mailer na wengine wakamwombea aachiliwe, na Juni mwaka huo akatolewa, akapelekwa New York katika nyumba ya mpito ya wafungwa. Wasomi wakamkaribisha mezani. Wiki sita baada ya kutoka, alfajiri ya tarehe 18 Julai, alizozana na mhudumu wa mkahawa mmoja mtaani juu ya matumizi ya choo. Wakatoka nje, akamchoma kisu. Richard Adan alikuwa na miaka 22, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, na mkahawa ulikuwa wa baba mkwe wake. Siku iliyofuata gazeti kubwa la mji lilikuwa na uhakiki wa kukisifu kitabu cha Abbott.

Sikileti kisa hiki kusema kwamba wafungwa hawabadiliki. Wanabadilika, na Kiriamiti mwenyewe amejulikana kwao Murang'a kwa kuendesha gazeti na kuwashughulikia watoto wa mitaani. Nakileta kwa sababu kinatuonyesha sisi. Wasomaji wale waliona sentensi nzuri wakadhani wameona moyo mzuri. Ustadi wa kuandika ni ustadi, kama ule wa kufungua kufuli, na mtu anaweza kuwa nao bila kuwa na kingine chochote. Na katika sherehe zote zile, hakuna aliyeuliza habari za yule mfungwa aliyeuawa kwanza, kabla ya Adan. Yeye alikuwa sehemu ya hadithi tu. Miaka 9 baadaye, mwaka 1990, mjane wa Adan alishinda kesi ya madai dhidi ya Abbott, akapewa haki ya kulipwa dola milioni 7.5. Abbott hakuwa na utajiri wa kulipa kiasi hicho. Alijinyonga gerezani mwaka 2002.

Kisha tazameni lililotokea kwa Mmarekani mashuhuri O. J. Simpson, ingawa huyu kwa mauaji yenyewe hakutiwa hatiani. Mkewe wa zamani, Nicole Brown, na rafiki yake Ron Goldman waliuawa Juni 1994. Mahakama ya jinai ikamwachilia mwaka 1995. Mwaka 1997 mahakama ya madai ikaona anawajibika kwa vifo hivyo, ikamwamuru alipe dola milioni 33.5. Hakulipa ila kidogo. Mwaka 2006 ikatangazwa kwamba ameandika kitabu kinachoeleza namna ambavyo angeua, kama angekuwa yeye aliyeua. Watu wakapaza sauti, mchapishaji akakifuta. Lakini familia ya Goldman, ikidai deni lake, ikapata haki za kitabu kile kupitia mahakama ya waliofilisika, na mwaka 2007 ikakichapisha yenyewe, If I Did It, lile neno la kwanza likiwa limefanywa dogo sana kwenye jalada hata lisionekane upesi. Kitabu cha mshtakiwa kikageuka ushahidi mikononi mwa waliofiwa, na fedha zikaenda kwao.

Mnaweza kudhani hapo haki ilipata njia yake. Sivyo wote walivyoona. Dada yake Nicole aliwasihi watu wasikinunue, kwa sababu kwake yeye maneno yale yalikuwa machafu hata kama mkono unaopokea fedha umebadilika. Familia mbili, msiba mmoja, na majibu mawili yanayopingana. Nikikumbuka hilo, sithubutu kusema kwa niaba ya waathiriwa wote, na ningependa wenzangu wa vyombo vya habari nao wasithubutu.

Basi tushike nini? Mimi nashika fundisho tulilolelewa nalo madrasani, kabla hatujajua kusoma magazeti. Kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja. Ukimkosea Mungu, toba yako ni baina yako na Yeye. Ukimkosea mja, toba haikamiliki mpaka umrudishie chake au mwenyewe akuachilie. Jamii nyingi za upande wetu huu wa Afrika zililijua hilo kwa njia zao: mtu akiua, mifugo ilitoka kwenye ukoo wa muuaji ikaenda kwa ukoo wa aliyeuawa, na wazee wakakaa kati kuhakikisha imefika.

Mahakama tulizorithi kutoka kwa wakoloni hazikujengwa hivyo. Kesi huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeibiwa si mwenye kesi, ni shahidi. Anaitwa, anaulizwa, anahojiwa na wakili mpaka anatoka jasho kama aliyeiba ni yeye, kisha anaambiwa aende. Mfungwa anapotoka baada ya miaka 13, amelilipa deni la Jamhuri, na hakuna mwenye haki ya kumfunga tena kwa maneno. Lile deni jingine, la karani na la bawabu wa benki aliyoipora, linaweza kuwa liko pale pale halijaguswa. Kenya ilipitisha Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa mwaka 2014, inayompa mwathiriwa nafasi ya kusikilizwa mahakamani na haki ya kudai fidia kwa aliyemkosea. Ni hatua njema. Lakini waliolala sakafuni mwaka 1970 sheria hiyo iliwakuta wazee, au haikuwakuta kabisa.

Kwa hiyo ninaposhika kitabu cha mtu aliyewahi kumdhuru mwenzake, naangalia kama mwandishi analijua deni hilo la pili. Siangalii kama analia. Machozi ya kwenye karatasi ni rahisi. Naangalia waliodhurika wamepewa nafasi gani. Je, wana sura? Wanasema neno? Mwandishi alirudi kuwatafuta, au ameishia kusimulia jinsi gari lilivyokimbia baada ya milio ya risasi? Vitabu vingi vya aina hii, msikilizaji, hujaa mpango, fedha, pombe, wapenzi na polisi wazembe, na keshia wa benki huingia ukurasa mmoja, mikono juu, asionekane tena. Ukiuona ukurasa huo, simama hapo. Jiulize aliendaje nyumbani jioni ile, nani alimpokea mlangoni.

Kwa Kiriamiti, jambo hili lina kona inayonivutia sana. Mwaka 1989 alitoa kitabu kingine, My Life with a Criminal, kinachosimuliwa na Milly, mwanamke aliyempenda Jack Zollo bila kujua kwanza anapendana na nani. Pale jambazi alijaribu kukaa upande wa pili wa meza na kujitazama kwa macho ya aliyemwumiza: mwanamke anayesubiri, anayedanganywa, anayegundua polepole. Mimi nakiona kitabu hicho kizito kuliko cha kwanza, ingawa cha kwanza ndicho kilichomtangaza. Ni nadra mwandishi wa aina hii kufanya hivyo. Na bado kalamu ilikuwa yake. Maneno ya Milly tunayasikia kupitia kwake. Mwaka 2004 akaongeza My Life in Prison, na humo vijana waliokuwa wakimwonea wivu Jack Zollo wakaonyeshwa gharama yote: njaa, kipigo, miaka inayopita huku wenzako nje wanaoa na kuzika wazazi. Kama una kijana nyumbani anayekitaka kile cha kwanza, mnunulie na hiki, uvisome pamoja naye. Nasema kwa dhati: usimpe kimoja ukaacha kingine.

Viko vitabu ambavyo singelipa hata shilingi moja. Jean Kambanda alikuwa waziri mkuu wa serikali iliyokuwa madarakani wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda mwaka 1994. Mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, mwaka 1998, alikiri makosa, mauaji ya kimbari yakiwamo, akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye akataka kukiri kwake kufutwe, na Oktoba 2000 majaji wa rufaa wakamkatalia. Miaka mingi baadaye, akiwa bado mfungwa, akatoa kitabu kwa Kifaransa juu ya mwaka ule. Mwanahistoria sharti akisome, na maktaba sharti iwe nacho. Lakini mtu aliyekiri mbele ya majaji kisha akatafuta kuliondoa neno lake, kumpa fedha ili atueleze upya ni kumsaidia kulikana deni. Anayetaka kujua yaliyotokea aanze na hukumu za Arusha zenyewe, zinasomwa na yeyote bila malipo, na ndani yake mashahidi wanasema.

Wajerumani nao walikuwa na mtihani wa namna hiyo na kitabu cha Hitler, alichoanza kukitunga akiwa mfungwa wa uhaini katika gereza la Landsberg mwaka 1924. Jimbo la Bavaria lilishikilia hakimiliki miaka 70 baada ya kifo chake, likazuia kisichapishwe. Mwaka 2016, muda ulipokwisha, taasisi ya historia ya Munich ikatoa toleo la juzuu mbili lenye maelezo ya wataalamu yapatayo 3,500, kila uongo ukijibiwa pembeni mwake. Hapo mwandishi hakuachwa azungumze peke yake. Hilo ndilo ninalolitaka kwa vitabu vya watu wenye damu mikononi, vikubwa kwa vidogo: pawe na mtu mwingine ndani ya ukurasa.

Na hapa nina ombi kwa wachapishaji wetu, wa Nairobi, wa Dar es Salaam, wa Kampala. Hamhitaji bunge. Mkataba wa mwandishi ni karatasi mnayoiandika wenyewe. Mtu akija na hadithi ya ujambazi wake, mwekeeni mezani mambo haya kabla ya kutia sahihi: sehemu ya mrabaha itengwe kwa waliodhurika ikiwa wanapatikana, au kwa mfuko wa kuwasaidia waathiriwa wa uhalifu ikiwa hawapatikani; na mhariri aende kuwatafuta, awasomee sura zinazowahusu kabla hazijachapwa, hata kama watakataa. Mwandishi aliyebadilika kweli hatalikataa hilo. Anayelikataa amekwisha kujibu swali letu, na kitabu chake kibaki kwake. Mkilifanya, liandikeni kwenye ukurasa wa nyuma ya jalada, tulione, na mimi nitalitaja hapa redioni.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote haya. Kitabu cha jambazi ninacho. Cha mwanamke wake ninacho, kwa kalamu ya jambazi. Kitabu cha keshia sijapata kukiona. Cha bawabu aliyepigwa risasi ya mguu akastaafishwa kwa barua fupi, sijapata kukiona. Wala cha dereva wa matatu aliyelazimishwa kuendesha gari la wezi usiku kucha, kisha polisi wakamshika yeye. Watu hawa wapo. Wengine wananisikiliza sasa hivi, wamekaa jikoni au dukani, na mkasa wao hawajawahi kuusimulia kwa mtu asiye wa nyumba yao, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba una thamani.

Basi wewe uliyekuwa ndani ya benki siku ile, au dukani, au ndani ya basi lililotekwa njiani, kaa uandike. Andika kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwenu, kwa mkono, kwenye daftari la shule la mtoto. Usihangaike na mwanzo mzuri. Taja saa, taja ulikuwa umevaa nini, taja nani alikuwa foleni mbele yako na alisema nini, taja ulivyoshindwa kushika kikombe cha chai wiki nzima. Ukifikisha kurasa 20, mtafute mchapishaji, na akikwambia hadithi kama hizi hazina soko, mwonyeshe hesabu za mauzo ya Jack Zollo. Kitabu chako kikitoka, nitakinunua dukani kwa bei kamili, na nitakisoma hapa hewani, nikipata idhini yako, sura kwa sura.